Shangazi Anajibu: Ua Juu ya Kovu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 41, na ninafanya biashara ya dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Miaka miwili iliyopita niliondolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, kisha nikapata tiba ya mionzi, na kabla ya mionzi hiyo mtaalamu alinitia kifuani vinukta vitatu vya wino ambavyo havijafutika hadi leo. Namshukuru Mungu kwa uhai. Hata hivyo, kila ninapooga hukipa kioo mgongo, na hata kulala nalala nimejifunga kanga hadi shingoni. Sasa natamani kuchorwa tatuu ya ua la yungiyungi juu ya kovu, kwa kuwa nimekulia ufukweni na maua hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyachuma tulipotumwa maji. Mume wangu hana kinyongo. Mama mkwe anasema ni ushetani, na mchungaji amenisomea Mambo ya Walawi. Lakini marehemu bibi yangu wa Magu alikuwa na chale kifuani na mgongoni, na alisema kuwa zilimponya. Je, alama ya mwilini inaponya kweli? Na nikichorwa, nitakuwa nimekosea?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa uliyoyapitia. Naomba nianze na vile vinukta vitatu, kwa maana umevitaja kwa kupita tu. Hizo ni tatuu. Wino umetiwa chini ya ngozi kwa sindano ili mashine ilenge mahali pale pale kila siku ya matibabu, na sijasikia mama mkwe wako akiviita ushetani, pengine kwa sababu aliyevichora alivaa koti jeupe.

Lugha yetu nayo haikumtenga mganga na mtu wa hospitali. Mganga huchanja chale, muuguzi humchanja mtoto chanjo, na wawili wanaokula kiapo cha damu huwa ndugu wa kuchanjiana. Kitenzi ni kimoja. Kwa Wasukuma, wacheza ngoma ya nyoka walichanjwa dawa ya kukinga sumu kabla ya kuruhusiwa kuwashika nyoka hao, na wafuasi wa vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu walichanjwa dawa za kuwakinga na kuwapa mvuto mbele ya watazamaji. Ukifika makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, utaona kwamba tiba, ngoma na imani vilikuwa vitu vya nyumba moja. Wala jambo hili si la Waafrika peke yao. Mwaka 1991, katika barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia, uligunduliwa mwili wa mtu aliyekufa miaka ipatayo 5,300 iliyopita, ukiwa na alama 61 za masizi. Nyingi kati ya hizo ziko kiunoni, magotini na vifundoni, ambako mifupa yake ilikuwa imelika, na ndiyo maana watafiti wengi wanadhani kwamba alichorwa kwa ajili ya maumivu.

Mimi mwenyewe nina chale mbili chini ya mtulinga. Nilikuwa na umri wa miaka saba, kifua kikinibana, bibi akaniketisha katikati ya magoti yake, shangazi yangu akanishika kichwa, na majivu ya mzizi yakawa yanasubiri ndani ya kifuu. Sikumbuki kama kikohozi kiliisha. Ninachokumbuka ni magoti yale, na namna nyumba nzima ilivyonyamaza kwa ajili yangu. Nakumbuka pia kwamba wembe ule ule ulipitishwa kwa binamu zangu wawili, na nikilifikiria hilo leo nywele hunisimama.

Kwa hiyo, nikijibu swali lako la kwanza, naona mambo mawili tofauti. Alama haiondoi ugonjwa: saratani hutibiwa hospitali, na kliniki zako za marudio usiache hata moja kwa sababu ya ua. Bibi yako aliposema kwamba chale zilimponya, nadhani dawa iliyopakwa ilikuwa sehemu ndogo ya habari. Palikuwa na sababu iliyotajwa kwa sauti, palikuwa na miiko ya kushika baadaye, na palikuwa na watu waliomshika. Wasamoa, watu wa visiwa vya bahari ya Pasifiki ambao neno lao tatau lina asili moja na tatuu, hawamwachi mchorwaji peke yake. Kazi huchukua siku nyingi, wasaidizi huivuta ngozi yake, na jamaa huketi kando yake wakiimba. Nchini Thailand, watawa wanaochora maandishi ya kinga humsomea mtu maneno ya ibada, kisha humpa masharti ya kuishi nayo. Mahali ambapo mtu hulipa fedha, akachorwa huku akitazama simu na kuondoka, sitegemei kuona uponyaji mkubwa. Nenda na mumeo, au na dada yako. Mueleze mchoraji kwa nini ni yungiyungi. Kovu ulilo nalo liliwekwa na watu waliokuwa na haraka ya kuokoa maisha yako, na hakuna aliyekuuliza ungependa likae vipi. Safari hii utaulizwa.

Kuhusu dini, sitashindana na mchungaji wako. Nitasema tu kwamba aya ile ya Walawi 19:28 inazungumzia chale za kuomboleza wafu pamoja na alama za mwilini, na kwamba Wakristo wenyewe hawajaisoma kwa namna moja: Wakopti wa Misri huchorwa msalaba kwenye kifundo cha mkono, na wanawake wengi Wakristo wa Ethiopia huuchora kwenye paji la uso. Mpelekee hoja hiyo, umweleze pia habari ya vinukta vyako. Kama ungekuwa Mwislamu ningekuelekeza kwa shehe, kwa kuwa wanazuoni walio wengi wanaikataza tatuu kwa mujibu wa hadithi.

Sasa mwili. Muulize kwanza daktari aliyekutibu, na usichorwe kabla ya mwaka kupita tangu upasuaji na mionzi, kovu likiwa limepoa na kulainika. Kwako muda huo umeshatimia, lakini ngozi iliyopigwa mionzi ina ukaidi wake. Kama uliondolewa tezi za kwapani, mkono wa upande huo usiguswe na sindano, maana unaweza kuvimba. Chunguza makovu yako ya zamani: yakiwa yamenyanyuka kama kamba, ua lako linaweza kugeuka uvimbe, na ngozi zetu nyeusi zina tabia hiyo zaidi. Sindano ifunguliwe mbele ya macho yako, wino umiminwe kidogo katika kikombe chako na usirudishwe chupani, kwa sababu homa ya ini na virusi vya ukimwi havibagui kati ya wembe wa bibi na mashine ya kisasa. Kidonda kikiwa kibichi, usiingie ziwani kwa wiki tatu au nne, na maji ya kuoshea dagaa yasikirukie.

SWALI: Shangazi, nakuandikia kutoka Sengerema. Mwanangu wa miezi 14 alishikwa na degedege juzi, na mama yangu anataka tumpeleke kwa mzee akachanjwe chale. Nifanyeje?

JIBU: Mpeleke kituo cha afya leo, baba. Degedege kwa mtoto wa umri huo mara nyingi huletwa na homa kali, na kwetu kanda ya ziwa malaria ndiyo ya kwanza kupimwa. Inaweza pia kuwa homa ya uti wa mgongo, na hiyo huua haraka. Ikimrudia, mlaze ubavu na usimtie kitu chochote mdomoni. Dada wa Mwaloni hapo juu ni mtu mzima aliyechagua mwenyewe, tena baada ya matibabu. Mwanao hana sauti hiyo. Mama yako usimwache nyumbani akinung'unika: mpandishe kwenye bajaji pamoja nanyi, ampakate mjukuu wake na kumwombea njia nzima.