Windows haionekani kwenye menyu ya GRUB baada ya kuweka Ubuntu

Windows yako haijafutika, ndugu, GRUB, yaani kiprogramu kinachokuonyesha menyu ya kuchagua mfumo wa kuwasha, haikuitafuta tu. Tangu toleo la 2.06 lililotoka mwaka 2021, os-prober, yaani kile kiprogramu kinachopekua diski kutafuta mifumo mingine, huja kikiwa kimezimwa kwa sababu za kiusalama. Fungua faili la /etc/default/grub kwa sudo (yaani kwa ruhusa ya msimamizi, kwenye terminal), ongeza mstari huu:

GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false

Hifadhi, kisha endesha sudo update-grub. Ukiona imetaja Windows Boot Manager, zima na kuwasha, utaikuta kwenye menyu. Laptopu yangu ya kazini ilikuwa na shida hiyohiyo na dawa ilikuwa mstari huo mmoja. (Kwa Arch, aina nyingine ya Linux, weka kwanza os-prober, halafu tumia sudo grub-mkconfig -o /boot/grub/grub.cfg.)

Isipotajwa, kagua kama mifumo yote miwili iliwekwa kwa namna moja ya kuwasha kompyuta: BIOS (ya zamani) au UEFI (ya kisasa). Windows ikiwa ya BIOS ya zamani na Ubuntu ya UEFI, GRUB haitaweza kuiwasha hata ukirudia amri mara kumi. Kwenye Ubuntu andika ls /sys/firmware/efi. Folda hiyo ikiwepo, umewasha kwa UEFI. Upande wa Windows, ukishaingia kupitia menyu ya kuwashia ya kompyuta yenyewe, fungua msinfo32 usome BIOS Mode.

Tafadhali usifomati chochote kabla ya kujaribu haya. Na kama Windows ina BitLocker, yaani kile kinachofunga diski kwa usimbaji, uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48 karibu, maana inaweza kuuomba ukiiwasha kupitia GRUB.