Saa ya kuanzia mbio

Dadangu, umeuliza ununue saa gani ya bei nafuu, nawe ndiyo kwanza unaanza kukimbia kutoka Lamu mjini hadi Shela. Mimi ningechukua Casio F-91W. Ipo sokoni tangu 1989, ni nyepesi, betri yake hukaa kama miaka 7, na ina kipima muda. Kipima muda hicho huishia dakika 59 na sekunde 59, lakini kwa anayeanza hizo zatosha sana. Masafa haipimi, lakini hayo unayajua tayari: njia ya pwani ni kama kilomita 3.

Ukitamani saa inayopima masafa kwa setilaiti (GPS), kama Garmin Forerunner 55, jua kwamba vichochoroni mwetu, katikati ya nyumba ndefu za mawe, mawimbi ya setilaiti hukatika na kilomita huja za uongo. Simama kwanza pale pwani, penye uwazi, hadi saa ishike mawimbi hayo, ndipo uondoke. Ufukweni Shela, maji yakipwa na mchanga ukiwa mgumu, hapo utaifaidi kweli.

Yoyote utakayonunua, ukirudi ifute kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, na mkanda pia. Chumvi ya huku haina huruma.