Nikinyonyesha Nasinzia: Je, Ni Uvivu?

SWALI: Shikamoo bibi. Niko Tandahimba, nina mtoto wa miezi miwili. Kila nikimweka titini, usingizi unanishika kama niliyepewa dawa. Wifi yangu anasema ni uvivu, maana msimu wa korosho umefika na mimi nasinzia mchana. Juzi nilimwacha mtoto kwa mama mkwe nikaenda ghalani. Kwenye foleni ya mizani mtoto wa mtu akalia, gauni langu likalowa maziwa mbele za watu. Nilitahayari sana. Je, kichwa changu kina kasoro?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kichwa chako ni kizima. Nimekuwa mkunga miaka 31, nyingi nimezitumia wodi ya wazazi hapa Lindi, na hicho unachoniandikia nimekiona usiku baada ya usiku. Saa tisa nikipita na tochi, nawakuta kina mama wameegemea ukuta, kidevu kimegusa khanga, macho yamefumba, na shavu la mtoto bado linacheza. Hakuna mvivu hata mmoja pale.

Mtoto akivuta chuchu, habari hupanda kwa mishipa ya fahamu kupitia uti wa mgongo mpaka hipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo iliyo upande wake wa chini. Hapo tezi ya pituitari humwaga homoni mbili kwenye damu. Prolaktini huliamuru titi litengeneze maziwa. Oksitosini hubana vijifuko vya maziwa ili yatoke. Hii ya pili unaijua: ndiyo homoni iliyomo kwenye sindano tunayowadunga wazazi mara mtoto anapotoka, damu isizidi.

Oksitosini hufanya kazi ndani ya ubongo wenyewe pia, na huko hutuliza. Wataalamu waliochunguza panya wa maabara waliona jambo linalonishangaza mpaka leo: watoto hung'ang'ania chuchu muda mrefu, lakini maziwa huja kila baada ya dakika kadhaa tu, na huja mama akiwa kwenye usingizi mzito. Seli za oksitosini, kila moja mahali pake, hulipuka kwa pamoja kwa sekunde chache, kisha maziwa yanatoka. Sisi binadamu hatuhitaji kulala ndipo maziwa yatoke, ila undugu upo. Mwaka 2002 watafiti wa Australia walipima usingizi wa kundi dogo la wanawake. Wanaonyonyesha walipata takriban dakika 182 za usingizi mzito kwa usiku, na wanawake wa umri wao waliolinganishwa nao 86. Kwa hiyo wifi yako anakukosea, na naomba umsomee hapa: mama akigombezwa, adrenalini, homoni ya mshtuko, hupanda na maziwa huchelewa kushuka. Anayetaka mtoto ashibe haraka urudi shambani, akuletee uji na anyamaze.

Kuhusu ghalani, ubongo wako umeshajifunza kwamba kilio ni mwito wa maziwa. Oksitosini haisubiri mdomo wa mtoto, sauti inatosha, na hata kumfikiria mwanao kunatosha. Sikio halikuuliza ni mtoto wa nani.

Mbuzi ni mkali zaidi. Wangu alizaa mwaka jana nyuma ya jiko. Alimlamba mwanawe mpaka akakauka, na kesho yake mtoto wa mbuzi wa jirani alipoingia kunyonya alipigwa pembe akaanguka. Oksitosini ya wakati wa kuzaa huufungua ubongo wa mbuzi ushike harufu ya mwanawe ndani ya saa chache za mwanzo, na baada ya hapo mgeni hapokelewi.

Sasa usalama. Usinyonyeshe umekaa kwenye kiti au kigoda ikiwa unajua utasinzia, mtoto ataponyoka au atabanwa pua. Mtu mwingine awepo karibu, akupokee mtoto ukishaanza kuinamisha kichwa. Na kama uchovu ni wa kutwa nzima, moyo unakwenda mbio ukipanda kilima kidogo tu, nenda kliniki upimwe damu. Hilo ni jambo jingine kabisa.

Siku ya kurudi ghalani, mkamulie mtoto maziwa kwanza. Ukiyasikia yanakuja, kunja mikono kifuani ukandamize chuchu kwa viganja, hesabu taratibu mpaka 60. Na uvae khanga ya pili juu ya gauni, yenye maua mengi, doa halionekani.