Nyonga mpya ya mama: tengenezeni nyumba kabla hajapasuliwa

SUALI: Asalaam alaykum. Mie niko Wete, mama yangu ana miaka 68, nyonga ya kulia inamtesa mda mrefu sana, sisi tulikua tunasema baridi yabisi tunamchua mafuta ya karafuu tu. Sasa kapigwa picha, dokta wa mifupa kasema gegedu limekwisha, mfupa unasugua mfupa, abadilishwe nyonga na atapelekwa Dar. Mama hataki kusikia, anauliza kama atakatwa mguu, na akirudi atasali vipi. Na sisi tuliomo ndani tutarajie nini? Binti, Wete.

JIBU: Waalaykum salaam dada'ngu. Mwambie mama leo hii, asilale nalo: mguu haukatwi. Kinachotolewa ni kile kichwa cha mfupa wa paja kilichoharibika, anawekewa chengine cha chuma au seramiki, kina shina la chuma linaloingia ndani ya mfupa wa paja, na upande wa juu anawekewa kikombe chenye plastiki ngumu ndani yake. Wala si majaribio, dokta John Charnley kule Uingereza kaanza kuziweka za namna hii tangu 1962, na wengi hukaa nayo miaka 15 mpaka 20 na zaidi. Operesheni yenyewe mara nyingi ni saa moja mpaka mbili, na wengi huchomwa ganzi ya mgongo, hasikii maumivu.

Kabla ya safari muangalieni meno mabovu, mkojo unaochoma, kidonda chochote mguuni, mana vijidudu vinatembea na damu vikafika kwenye kile chuma na hapo kazi inakua kubwa. Sukari na presha ziwe zimetulia. Dawa zote anazokunywa zitajwe, na za miti shamba pia, aspirini khasa.

Akishapasuliwa, siku hiyo hiyo au ya pili yake atasimamishwa na fremu ya kutembelea, na hapa ndo watoto hugombana na manesi, "mnamuonea mama yetu, hajapoa huyu". Hawamuonei. Akilala tu damu inaweza kuganda mguuni ikapanda mpaka kwenye mapafu, na hiyo inaua, ndo mana anatembezwa na anapewa sindano au vidonge vya kuzuia damu isigande, mara nyingi kama mwezi hivi, na msimkatishie kwa kua mmemuona kapata nguvu.

Sasa nije kwenye lile ambalo mie nalishikilia kuliko yote, nalo ni nyumba yenu. Operesheni inakwisha, lakini mama anarudi Wete, na maisha yetu sisi yako chini: jamvi chini, mbuzi ya nazi chini, kigoda chini, choo cha kuchutama. Na nyonga mpya mwanzo haitaki vya chini kabisa. Kwa wiki 6 mpaka 12, inategemea na dokta kapasulia kwa mbele au kwa nyuma ya nyonga, kawaida huambiwa goti lisipande juu kuliko nyonga, asipishe mguu juu ya mguu, na asiugeuze mguu kwa ndani, mana kile kichwa kinaweza kuchomoka kwenye kikombe. Kwa hivo mama angali yupo nyumbani, muiteni seremala ampime toka sakafuni mpaka nyuma ya goti, aongeze inchi mbili tatu, amtengezee kiti kizito chenye mikono, na chengine chenye tundu cha kuweka juu ya choo, kisicheze hata kidogo, na ukutani pigeni ubao wa kushikia. Kitanda cha samadari, kwa kua kiko juu, kinafaa sana, bora miguu ifike chini akikaa ukingoni. Usiku alale na mto katikati ya mapaja. Mikeka inayoteleza iondoeni njiani, na uani kwenye maji asiende na kandambili.

Wageni watakuja, na mama atataka kuteremka jamvini akae nao kwa kua anaona haya kukaa juu ya watu, mkatazeni mbele yao, watafahamu. Nazi akune mwengine. Na ile habari ya kumchua na kumkanda maji moto kama mzazi, basi, nyonga ile na mashavu ya miguu yasichuliwe na kidonda kisitiwe mafuta wala dawa ya mtu.

Kusali atasali kitini, mgonjwa ana ruhusa yake, asijisikie vibaya. Udhu mumtilie maji, miguu aoshwe na mtu, asiiname. Baadae akishapona kuna wanaoruhusiwa kusujudu chini na kuna wanaobaki na kiti moja kwa moja, hilo amuulize aliempasua.

Mazoezi aliyofundishwa ayafanye kila siku hata akinuna. Ngazi: mguu mzima unatangulia kupanda, mguu uliopasuliwa unatangulia kushuka. Yale maumivu ya zamani ya ndani kwa ndani wengi huyasahau mapema, yanabaki ya kidonda na misuli, kufika miezi mitatu anakua anajitembelea vizuri, na nguvu zinaendelea kurudi mpaka kama mwaka. Shavu la mguu likivimba na kuuma, pumzi zikimbana, kidonda kikitoa usaha, homa, au mguu ukawa mfupi ghafla kwa maumivu makali, hospitali saa hiyo hiyo, msingoje asubuhi.

Na msimkimbize kurudi Pemba. Kama mna jamaa Dar au Unguja akae hapo mpaka arudi kuangaliwa kidonda, na dokta aseme mwenyewe lini apande chombo.

SUALI: Mie mwanamme wa Fuoni, nna selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, nina miaka 34 na nyonga nimeshabadilishwa wiki tatu sasa. Lini nitapanda vespa, na mambo ya ndani na mke wangu?

JIBU: Pole kaka. Selimundu huziba damu isifike kwenye kichwa cha mfupa kikafa, ndo mana vijana kama wewe mnafika huku. Mambo ya ndani wengi huruhusiwa baada ya wiki 6 hivi, wewe lala chali na usilikunje paja sana. Gari pia ni kama wiki 6, ukiweza kukanyaga breki kwa nguvu bila maumivu. Vespa ngoja zaidi, kule kuitia stendi na kuizuia isikuangukie kunataka mguu wenye nguvu, kwa hivo usiiguse mpaka dokta akuone na akuruhusu. Na kliniki ya selimundu usiiache, mana nyonga ya pili nayo inataka kuangaliwa.