Skripti inafanya kazi, mbona bash -n inaikataa?

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini `bash -n` (yaani bash, programu inayoendesha skripti, ikikagua sintaksia tu) inagomea mstari wa `rm !(*.pdf)`, ule wa kufuta kila faili isipokuwa za PDF, ilhali juu umeshaandika `shopt -s extglob` (amri ya kuwasha extglob, ruwaza za ziada za majina kama `!(...)`), na skripti ukiiendesha inafanya kazi. Hujakosea. Hiyo `-n` inasoma tu, haitekelezi amri hata moja. Basi `shopt` nayo inapitwa, na ikifika kwenye `!(` inaona mabano yasiyoeleweka. Iwashe extglob kutoka nje:

`bash -O extglob -n safisha.sh`

Ndani ya `[[ ]]` (mabano ya kupima masharti), upande wa kulia wa `==`, tangu toleo la bash 4.1 hutapata usumbufu huo.

Ila hiyo `rm` inanitisha. Niliwahi kufuta risiti za mwezi mzima dukani kwetu Ngamiani. Weka `echo` kwanza mahali pake, usome majina.