Masizi, matope na kromu: maswali yenu kuhusu mdomo wa ekzosi

Masika yakishaanza, maswali yanayotufikia kutoka Nakuru, Kisumu na Magharibi hugeuka. Watu huuliza habari za mdomo wa ekzosi, ile ncha inayong'aa nyuma ya gari, ambayo Februari ilikuwa kama kioo na ikifika Juni imejaa madoa ya kahawia. Tumechagua maswali manane. Karibu yote yanarudi kwenye jambo moja: uchafu ukikaa umelowa juu ya kromu, kromu inakwisha.

Naosha gari kila Jumamosi kwa sabuni ya unga, lakini baada ya wiki mbili za mvua mdomo wa ekzosi una vidoa vya kahawia. Kumbe kromu nayo hushika kutu? (Msomaji, Section 58, Nakuru)

Kinachoshika kutu ni chuma kilicho chini ya kromu. Kromu ya urembo ni utando mwembamba mno, haufiki hata maikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuushinda mara nyingi. Chini yake kuna nikeli, kwa kawaida maikroni 10 hadi 30, mara nyingine na shaba, ndipo ufike kwenye chuma. Kromu yenyewe ina nyufa zisizoonekana kwa macho, na nikeli ndiyo inayozuia maji. Palipo na kitundu kwenye nikeli, maji yanapenya, na kutu inachomoza juu kama kidoa saizi ya punje ya wimbi.

Vidoa vikiwa vipya vinatoka. Chukua foili ya jikoni ukubwa wa kiganja, ikunje mara mbili, ichovye kwenye maji safi, usugue kidoa taratibu kwa mizunguko midogo, sekunde 20 au 30. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haiikwaruzi, ila kutu inaibandua. Utaona maji yanageuka uji wa kijivu. Pangusa utazame. Kikibaki kitone cheusi katikati, hicho ndicho kitundu chenyewe, na hakifutiki. Kipake polishi ya metali yenye kinga mara moja kwa mwezi ili maji yasiingie tena.

Sabuni ya unga iache kwenye ndoo ya nguo. Ni kali, na ikikauka huacha weupe unaovuta unyevu. Kifuniko kimoja cha shampuu ya gari kwenye lita 5 za maji kinatosha.

Halafu kuna safari zako. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji kama mvuke. Ukitoka nyumbani hadi mjini dakika saba na kuzima, bomba halijapata moto, mvuke umegeuka maji na umelala ndani pamoja na masizi na asidi kidogo inayotokana na moshi. Angalau mara moja kwa wiki endesha dakika 20 mfululizo, bomba likauke hadi mwisho.

Huku kwetu udongo ni mwekundu na unanata. Naomba mnieleze hatua kwa hatua, nianzie wapi? (Mwalimu, Lurambi, Kakamega)

Anza ekzosi ikiwa baridi, mwalimu. Maji baridi kwenye bomba lenye moto huacha madoa, na polishi hukaukia hapo hapo kabla hujaisugua.

Kwanza loweka matope kwa maji ya bomba au kopo, uyaache dakika tano, kisha umwagie tena. Usiguse kwa kitambaa kabla matope hayajaanguka yenyewe. Udongo wetu una mchanga, na ule mchanga chini ya kitambaa ndio unaochora mikwaruzo ya duara ambayo baadaye watu wanadhani ni kromu mbovu. Pili, osha kwa maji ya sabuni na kitambaa laini, nje. Tatu, ingia ndani, na hapa ndipo wengi wanapoacha kazi. Chukua brashi ya kuoshea chupa za mtoto, au mswaki wa zamani, usugue ndani hadi sentimita 10. Masizi ya ndani yakilowa hutiririka ukingoni na kukaa kwenye ule mkunjo wa chini. Pitisha kidole chako hapo sasa hivi utaona kitakavyotoka. Kutu nyingi huanzia kwenye mkunjo huo, si upande unaouona ukisimama nyuma ya gari.

Masizi yakiwa magumu kama lami, nyunyiza WD-40, yale mafuta mepesi ya kopo la kupuliza, subiri dakika kumi, sugua tena, kisha osha kwa sabuni ili mafuta yasibaki kunasa vumbi. Suuza, kausha kwa kitambaa cha maikrofaiba, ndani na nje, halafu washa injini dakika chache kumalizia unyevu.

Polishi ni ya mwisho na ni kidogo: kiasi cha punje ya njegere kinatosha mdomo mzima. Kila polishi ina chembe zinazokwangua, na kromu nyembamba namna hiyo haihimili kukwanguliwa kila wiki. Mara moja kwa mwezi msimu wa mvua inatosha. Kiangazi, kila miezi mitatu.

Tahadhari moja ukipeleka gari kuoshwa: usikubali mashine ya presha ielekezwe moja kwa moja ndani ya bomba. Silensa nyingi zina pamba ya nyuzi ndani, ikishiba maji hukaa siku nyingi ikiozesha bomba kutoka ndani.

Jirani anatumia dawa ya choo na gari lake linang'aa. Nifuate? (Mama wa duka, Kibuye, Kisumu)

Hapana, mama. Dawa nyingi za choo zina asidi ya hidrokloriki, na asidi hiyo huyeyusha kromu. Inang'aa siku hiyo kwa sababu uchafu wote umetoka pamoja na sehemu ya kromu. Baada ya miezi kadhaa utaona nikeli ya manjano, kisha kutu. Jik pia usitumie, kwa kuwa klorini hutoboa hata chuma kisichoshika kutu (stenlesi). Stilwaya ya sufuria na unga wa kusugulia masinki, viache jikoni.

Siki inafaa kwa kazi moja tu, madoa meupe ya maji ya kisima. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, paka dakika mbili, suuza kwa maji mengi.

Nitajuaje kama wangu ni wa kromu au ni stenlesi? (Dereva, Bungoma)

Chukua sumaku. Ikishika kwa nguvu na uso unang'aa kama kioo chenye ubuluu kidogo, hiyo ni kromu juu ya chuma cha kawaida. Ikiteleza au kushika kidogo tu, ni stenlesi, mara nyingi ya daraja la 304. Angalia pia ukingo wa ndani: penye kromu, ndani huwa hapang'ai kama nje.

Stenlesi haina tabaka la kubanduka, kwa hiyo unaweza kuisugua zaidi. Ila usitumie nyuzi za chuma cha kawaida: zinaacha vipande vidogo ambavyo vinashika kutu vyenyewe, nawe utadhani ni ekzosi.

Pikipiki yangu bado mpya lakini bomba limegeuka njano halafu buluu karibu na injini. Nimesugua mpaka nimechoka. (Mwendesha boda, Busia)

Pole, ndugu. Hiyo buluu si uchafu, ndiyo maana haitoki kwa sabuni. Ni joto. Metali ikipata moto kupita kiasi hujenga utando mwembamba juu, kwanza wa njano kama majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu. Kadiri unavyoelekea buluu ndivyo moto ulivyokuwa mkali.

Njano kidogo sentimita chache kutoka kichwa cha injini ni kawaida kwa bomba lenye ukuta mmoja. Buluu nzito inayoshuka ina chanzo chake, na ukiisugua bila kukitafuta itarudi ndani ya wiki. Fungua plagi utazame ncha yake. Rangi ya chai ya maziwa ni salama. Nyeupe kama chokaa inasema petroli ni kidogo kuliko hewa, na mchanganyiko mkavu namna hiyo unachoma zaidi. Hapo kagua mpira unaounganisha kabureta na injini kama umepasuka, na gasketi ya ekzosi pale kichwani. Gasketi ipime hivi: injini ikiwa baridi, paka maji ya sabuni kwenye kiungo, washa, tazama mapovu. Mapovu yakiruka, badilisha gasketi na ukaze nati mbili kwa zamu, kidogo kidogo, isije ikalala upande mmoja.

Plagi ikiwa sawa, angalia mazoea. Kuacha injini ikinguruma steji nusu saa bila upepo wa safari kunapika bomba. Ukishatibu chanzo, buluu inapungua kwa polishi ya metali, taratibu, kwa siku mbili tatu. Haitarudi kuwa mpya kabisa.

Nasafisha leo, baada ya siku mbili ndani ni kweusi tii. Nimenunua polishi tatu tofauti. (Msomaji, Molo)

Acha kununua polishi. Ingiza kidole ndani ya mdomo, bomba likiwa baridi, ukisome.

Masizi makavu, laini kama unga wa mkaa: injini inakula petroli nyingi kuliko hewa. Meusi yenye mafuta, yanayoteleza na kukataa kutoka mkononi: oili inaungua, na hapo suala ni ringi au sili za valvu. Ukiona mvuke mweupe wenye harufu tamu hata injini ikiwa na moto, kulanti, maji ya kupozea injini, inapotea. Peleka gari leo.

Kwa kuwa uko Molo tunashuku jambo moja kabla ya mengine: thamostati. Mafundi wengi huitoa kabisa gari likichemka, halafu hawairudishi. Thamostati ndiyo inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta hadi injini ifike joto lake, karibu nyuzi 85 hadi 90. Bila hiyo, kwenye baridi ya Molo mwezi Julai, injini haifiki. Kompyuta inasoma kwamba injini bado ni baridi, inaendelea kuongeza petroli, na petroli isiyoungua vizuri inatoka kama masizi. Maji nayo hayakauki kwenye bomba. Ukimpa fundi gari, muulize waziwazi: thamostati iko? Kama sindano ya joto haifiki katikati baada ya kilomita 10, jibu unalo. Rudisha thamostati, na kilichokuwa kinachemsha gari kitafutwe mahali pake: rejeta iliyoziba, feni, au kifuniko cha rejeta.

Kisha angalia kichujio cha hewa, sensa ya oksijeni na injekta. Ila ujue pia kwamba injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama TSI za Volkswagen au D-4 za Toyota, hutoa masizi zaidi hata zikiwa nzima. Gari lako likiwa la aina hiyo, pangusa ndani kila wiki kwa kitambaa chenye tone la WD-40, na ridhika.

Nimeagiza gari kutoka Japani. Naambiwa niogope chumvi ya theluji. Inahusu nini ekzosi? (Msomaji, Milimani, Kisumu)

Inahusu sana. Kaskazini mwa Japani, Hokkaido hasa, na vilevile Uingereza, barabara za majira ya baridi hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Maji ya chumvi hurukia chini ya gari, na kwa kuwa ekzosi hupata moto na kupoa kila siku, maji hukauka na chumvi hubaki kwenye maungio. Huko wenye magari huosha chini ya gari mara kwa mara kipindi chote cha baridi. Ambaye hakuosha, kutu yake unainunua wewe. Mojawapo ya chumvi hizo, kloridi ya kalisiamu, hunyonya unyevu hewani, kwa hiyo unyevu wa Kisumu unaiamsha tena.

Usidanganywe na mdomo unaong'aa. Huo hubadilishwa kwa dakika kumi. Liinue gari, utazame kwa tochi welidi za silensa, boliti za flanji na vyuma vinavyoshikilia mipira ya kuning'iniza bomba. Gonga welidi kwa mpini wa bisibisi: sauti kavu ya chuma ni njema, sauti butu na magamba yanayodondoka ni dalili ya kuoza. Likiwa bado zima, osha chini yote kwa maji mengi matamu mara tatu ndani ya wiki mbili, ukiacha likauke kati ya mara moja na nyingine.

Kromu yangu inabanduka vipande. Nipige kromu upya au ninunue mdomo mwingine? (Fundi chipukizi, Nyalenda)

Nunua. Kupiga kromu upya kunataka kuvua tabaka zote na kuanza na nikeli. Kwa mdomo mdogo haikulipi. Vipande vinavyobanduka vina makali, vaa glavu.

Pima bomba kwa uzi: uzungushe mara moja, pima urefu, gawanya kwa 3.14. Uzi wa milimita 150 unakupa kipenyo cha karibu milimita 48. Tafuta mdomo wenye kipenyo cha ndani kikubwa kwa milimita 1 hadi 3, wa stenlesi ukipata. Nenda na sumaku yako dukani. Ng'arisha bomba la zamani kwa msasa hadi chuma kionekane, paka ndani ya mdomo rangi nyeusi ya kustahimili joto, iache ikauke, kisha paka boliti grisi ya shaba ili siku ya kufungua zisikatike.

Usiusukume mbali mno ndani ya bampa. Acha angalau sentimita 3 pande zote, plastiki huyeyuka. Na kabla ya kukaza, chungulia chini ya silensa. Kuna kitundu kidogo cha milimita 3 hivi, kimewekwa kiwandani maji yatokee. Wengine hukichomea wakidhani ni kutu. Kikiwa kimezibwa na matope, kizibue kwa waya.