Mume wangu akitoka kupuliza mikorosho anakunywa maziwa ili kutoa sumu, je yanasaidia?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tandahimba, nalifupisha:

"Shikamoo dokta. Mume wangu anapuliza mikorosho yetu na ya watu, salfa ya unga na hizi dawa za maji za wadudu. Akirudi kichwa kinamuuma, anakohoa, macho mekundu. Anakunywa maziwa nusu lita anasema yanafuta sumu, halafu anameza panado tatu asubuhi tatu mchana tatu usiku, na jioni huwa anapitia gongo kidogo na wenzake. Nguo zake nafua mimi na nina mtoto ananyonya. Naomba kujua hiyo sumu inaharibu vipi mwili wakati hakuna kidonda, na maziwa yanasaidia? Na kuna vidonge vya kusafisha mwili nimeviona mtandaoni, nimnunulie?"

Marahaba mdogo wangu. Mimi ni mfamasia, nipo huku huku kusini, na maswali ya msimu wa kupuliza nayapata kila mwaka kuanzia mwezi wa sita, ila wewe umeuliza kitu ambacho wengi hawaulizi, kwamba sumu inaharibu vipi bila kidonda, kwa hiyo naanzia hapo hapo.

Unaijua korosho iliyobanguliwa ikakaa wazi muda mrefu? Inapata harufu ile ya mafuta ya zamani na ukiitafuna inakuwa chungu. Hakuna aliyeimwagia kitu, ni oksijeni ya hewani tu imekula mafuta yaliyomo ndani yake. Sasa kila seli ya mwili wako imezungushiwa utando, na huo utando kwa sehemu kubwa ni mafuta, na mafuta yenyewe ni ya aina ile ile laini inayoharibika haraka. Kinachoitwa msongo wa oksidesheni ni hicho hicho kinachotokea kwenye korosho yako, ila kinatokea ndani ya mtu aliye hai.

Inakuwaje? Oksijeni tunayovuta inatumika ndani ya seli kutengeneza nguvu, na katika ile kazi kiasi kidogo kinatoka kikiwa kimeharibika, kimebaki na elektroni moja isiyo na mwenzake. Wataalamu wanaita radikali huru. Kitu chenye elektroni moja hakitulii, kinamnyang'anya jirani, jirani naye anakuwa mpungufu anamnyang'anya wa pembeni yake, inaenda hivyo hivyo kwenye utando mzima mpaka utando unatoboka, seli inavuja, inakufa. Na hapo kikiwepo chuma kilicholegea, yaani haya madini ya chuma yaliyo kwenye damu, mambo yanakuwa makali zaidi kwa sababu chuma kinaigeuza haidrojeni peroksaidi, ambayo nayo inatokana na oksijeni hiyo hiyo, kuwa radikali kali kuliko zote, ambayo inachoma chochote ilichokutana nacho, mafuta, protini, hadi vinasaba.

Lakini Mungu hakutuacha hivi hivi. Mwili una vimeng'enya vya kuzima huo moto, na una kitu kinaitwa glutathayoni ambacho ini linatengeneza kwa wingi sana. Glutathayoni ndiyo inayojitoa, inaipa radikali elektroni ya kwake ili mafuta ya seli yapone, na sumu nyingi zikifika kwenye ini inazikamata na kuzisindikiza nje kwenye mkojo au nyongo. Mtu mzima mwenye afya anazalisha radikali kila siku na anazizima kila siku. Shida inaanza pale kinachowaka kinapozidi kinachozima. Hilo ndilo jambo lenyewe dada yangu, mengine yote niliyoandika hapa chini yanatokana na hilo.

Sasa sumu zinaongezaje moto. Mfano ambao sisi tunafundishwa darasani ni parakwati, dawa ya kuua majani. Ikiingia mwilini mapafu yanaivuta yenyewe kwa sababu umbo lake linafanana na vitu ambavyo seli za mapafu huwa zinavihitaji, ikifika inachukua elektroni inaipa oksijeni, inatengeneza radikali, halafu yenyewe inarudi kama ilivyokuwa, inachukua tena, inatoa tena. Haiishi. Chembe moja inafanya kazi hiyo mara nyingi sana, na kwa kuwa inatumia oksijeni, mgonjwa wake hapewi oksijeni mpaka imebidi kabisa, maana unaongeza kuni. Funda moja tu linaweza kuua mtu mzima na hakuna dawa ya kuifuta. Naomba kama ipo nyumbani kwenu, hata kama imebaki kidogo kwenye chupa ya soda, itoke humo leo.

Dawa za wadudu za kundi la oganofosfati, kama profenofosi, zenyewe zina njia mbili. Ya haraka ni kwamba zinafunga kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva, kwa hiyo neva zinapiga kelele bila kunyamaza: mate, jasho, machozi, tumbo kukata, misuli kurukaruka, mboni za macho kuwa ndogo kama tundu la sindano. Ya polepole ni ule ule msongo wa oksidesheni, na ubongo ndio unaumia sana kwa sababu umejaa mafuta na unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote ya mwili wakati uzito wake ni kama asilimia 2 tu.

Salfa ya unga niseme ukweli, yenyewe siyo sumu kubwa kama hizo, na isichanganywe na zile dawa za hospitali watu wanaita salfa, ni vitu viwili tofauti, mwenye aleji ya dawa ya salfa haina maana ana aleji ya salfa ya mikorosho. Lakini vumbi lake linawasha macho na njia ya hewa, mapafu yakiwashwa yanaita askari wa mwili na wale askari silaha yao ni hizo hizo radikali, kwa hiyo kikohozi chake kina sababu. Kule California, utafiti uliotoka 2017 uliangalia watoto wanaoishi ndani ya kilomita 1 na mashamba yanayopulizwa salfa, mapafu yao yalikuwa na nguvu ndogo kidogo na dalili za pumu zilikuwa nyingi zaidi. Nasema hivi kwa sababu kwetu mikorosho ipo mpaka mlangoni. Siku ya kupuliza funika maji na chakula, na mtoto mpeleke upande ambao upepo unatokea, asubuhi upepo umetulia ndiyo wakati wenyewe. Na hiyo mifuko ya salfa naomba isiwekewe makopa.

Maziwa sasa. Hapana, hayafuti. Mumeo hajainywa sumu, imempitia kwenye ngozi na kwenye pua, na maziwa yanaenda tumboni, hawakutani. Na hata ikitokea mtu kainywa kwa bahati mbaya, usimpe maziwa wala usimtapishe, dawa nyingi za maji zimeyeyushwa kwenye mafuta ya petroli na akitapika yanaweza kuingia kwenye mapafu yakayaunguza. Kunywa maziwa kama chakula sawa kabisa, ni mazuri. Tatizo langu ni kwamba yanampa moyo, anajiona kashajikinga, halafu anakaa na nguo zimelowa mpaka saa kumi.

Na ngozi siyo sawa kila mahali, hili watu wengi hawalijui. Kuna majaribio ya zamani yalifanyika kwa watu na dawa inayoitwa parathayoni: mkononi karibu na kiwiko ilipenya kama asilimia 9 tu, kichwani kwenye nywele 32, paji la uso 36, na kwenye korodani ilipenya karibu yote. Sasa fikiria bomba la mgongoni linalovuja, maji yanashuka wapi? Yanashuka kiunoni, yanaingia kwenye suruali. Yeye anavaa glavu, ambayo ni vizuri, huku suruali imelowa dawa. Bomba likivuja litengenezwe kwanza, avae kofia, avae plastiki mgongoni, na akilowa avue na aoge kwa sabuni hapo hapo shambani, siyo nyumbani jioni.

Kwenye panado nisikilize vizuri maana hapa ndipo nilipoogopa zaidi kuliko kwenye salfa. Vidonge tisa vya miligramu 500 ni gramu 4.5 kwa siku, mwisho wa mtu mzima ni gramu 4, yaani vidonge nane, viwili kwa mara moja. Parasetamoli sehemu yake ndogo ikifika kwenye ini inageuka kuwa sumu, na anayeizima ni nani? Ni glutathayoni ile ile. Na gongo kila jioni inaongeza ule mgeuko wa kuwa sumu na wakati huo huo inapunguza glutathayoni. Kwa hiyo mtu huyu mchana katumia akiba yake kupambana na dawa ya wadudu, jioni kaimaliza kwa pombe, usiku anameza panado. Ini likianza kufa halipigi kelele siku ya kwanza, siku ya pili ya tatu ndiyo unaona macho ya njano. Nilishawahi kumuona mzee mmoja amefika hivyo, na alikuwa anaumwa kichwa tu. Punguzeni leo, na aende akapimwe ini.

Vidonge vya kusafisha mwili usinunue. Watu wanadhani kama radikali ni mbaya basi antioksidanti, yaani vitu vya kuzizima, zikiwa nyingi ni nzuri zaidi, na hata wanasayansi waliwaza hivyo, ila Finland walijaribu kwa wavuta sigara zaidi ya 29,000 wakiwapa baadhi yao beta-karotini, ambayo ni antioksidanti, majibu ya 1994 yakaonyesha waliopewa walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Hela hiyo nunua dagaa, mayai, kunde, mbaazi, maana glutathayoni inatengenezwa kwa protini, na mabibo yakianza kula mengi mabichi, yana vitamini C kupita chungwa kwa mbali.

Nguo zake zifuliwe peke yake kwenye beseni lake, zisichanganywe na za mtoto, wewe vaa glavu, na asimbebe mtoto kabla hajaoga. Wewe endelea kunyonyesha.

Siku ukiona mate yanamtoka, anatetemeka, mboni zimekuwa ndogo au pumzi inabana, mvue nguo zote, mmwagie maji na sabuni huku usafiri unatafutwa, muwahishe hospitali na chupa ya dawa mwende nayo, ipo dawa ya hiyo lakini inategemea daktari ajue ni kitu gani. Na leo akirudi angalia mkanda wa rangi chini ya lebo, nyekundu ndiyo hatari kabisa, inafuata njano, halafu bluu, kijani ndiyo ya mwisho. Nipigie picha lebo zote mbili tatu anazotumia unitumie, nitakujibu moja moja.